Andika Tarehe Kwenye Kopo la Sukari: Namna ya Kurekebisha Ulaji wa Nyumba Kidogo Kidogo

Miongozo mingi ya ulaji imeandikwa kwa mtu anayekula peke yake, tena chakula cha pakiti chenye kalori zake zimeandikwa ubavuni. Sisi hatuli hivyo. Nyumbani kwetu tuko watano, sufuria ni moja, chai inapikwa na sukari yake ndipo inamiminwa kwenye chupa, na wali unapakuliwa kwenye sinia. Ukiniuliza jana nilikula gramu ngapi za wali, sina jibu. Ukiniuliza kilo ya sukari imetuchukua siku ngapi, hilo naweza kulijua bila mizani wala programu ya simu. Ndiyo maana hapa tutaanza na kinachotoka stoo, kisha tuje kwenye kinachoingia mdomoni.

Mimi nilianza baada ya kupimwa presha mara tatu, siku tofauti, na kila mara ile namba ya juu ikawa imepita 140. Nikaambiwa nipunguze chumvi, mafuta na sukari. Nikaitikia. Kufika nyumbani nikasimama mbele ya kabati la jikoni na kugundua kwamba sijui nipunguze kutoka wapi, maana sijui natumia kiasi gani. Siko peke yangu: utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2012 ulikuta takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu, na wengi hawakuwa wanajua.

Kabla hujaanza

Kama unatumia sindano za insulini au vidonge vya kisukari, usipunguze chakula kabla ya kuzungumza na wanaokutibu. Dawa iliyopangwa kwa sahani kubwa inaweza kukuangusha ukila sahani ndogo. Mjamzito, mama anayenyonyesha na mtoto anayekua hawapunguziwi chakula kwa mwongozo wa kusoma. Wao wanahitaji mtu wa kliniki. Na kama umepungua uzito bila kukusudia, au una kikohozi kisichoisha, au unatokwa jasho jingi usiku, usifurahie nguo kulegea. Nenda ukapimwe.

Dawa za presha usiziache kwa sababu umeanza kula vizuri. Anayezipunguza ni daktari, baada ya kuona namba.

Hatua ya 1: Tarehe kwenye sukari, mafuta na chumvi

Chukua kalamu ya wino mzito. Siku unayofungua kilo ya sukari, andika tarehe kwenye pakiti au kwenye kipande cha karatasi ulichobandika kwenye kopo. Fanya hivyo kwa chupa ya mafuta na pakiti ya chumvi. Ikiisha, andika tarehe ya kuisha. Basi. Usimwambie mtu apunguze chochote kwa sasa, na wewe usipunguze. Unataka kuona nyumba inavyoishi kwa kawaida.

Hesabu ya sukari ni hii. Kilo moja ni gramu 1,000. Gawanya kwa idadi ya watu, kisha gawanya kwa siku ilizodumu. Jibu ni gramu za mtu mmoja kwa siku. Ukitaka kuliona kwa macho, gawanya tena kwa 4, kwa sababu kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba takriban gramu 4.

Kwetu kilo ya kwanza niliyoiandikia tarehe ilidumu siku tano. 1,000 kwa watu watano ni 200, kwa siku tano ni 40. Gramu 40, yaani vijiko kumi kwa kila mtu kila siku, na mmoja wa watu hao alikuwa na miaka sita. Nilirudia hesabu mara mbili nikidhani nimekosea.

Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu yote ya chakula cha siku, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni takriban gramu 50. Na linasema ikishuka hadi gramu 25, vijiko sita hivi, ni bora zaidi. Watoto wanahitaji chini ya hapo. Kwa nyumba ya watu watano, gramu 25 maana yake kilo moja idumu siku nane. Kumbuka kwamba kiasi hicho kinahesabu pia soda, juisi, asali na biskuti ambazo hazikutoka kwenye kopo lako.

Mafuta: lita moja ina zaidi ya kalori 8,000. Ikidumu siku sita kwa watu watano, kila mmoja anapata mililita 33 kwa siku, vijiko viwili vikubwa na zaidi kidogo, karibu kalori 275 ambazo hakuna aliyeziona kwenye sahani. Kama mnakaanga maandazi au samaki na mafuta yanabaki, pima yaliyobaki uyatoe kwenye hesabu. Wanaonunua mafuta ya kupimiwa dukani kila siku waandike ni kipimo gani wamenunua na tarehe. Mwisho wa wiki jumla itapatikana tu.

Chumvi: kiwango cha juu kwa mtu mzima ni gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, ukijumlisha na ile iliyomo kwenye mkate, soseji na vile vidonge vya kuongeza ladha ya mchuzi. Pakiti ya nusu kilo kwa watu watano isiishe kabla ya siku 20, na kama mnatumia vidonge vya mchuzi inapaswa kwenda mbali zaidi. Endeleeni kununua chumvi yenye madini joto. Kusudi ni kuipunguza, siyo kuhamia kwenye chumvi ya mawe isiyo na madini hayo kwa kudhani ni ya asili zaidi.

Hatua ya 2: Daftari la siku saba

Wakati tarehe za jikoni zinajijaza zenyewe, wewe mwenyewe andika ulichokula kwa siku saba mfululizo, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Daftari la shule linatosha. Usipopenda daftari, jitumie ujumbe kwenye simu yako kila unapokula. Andika papo hapo. Ukisubiri usiku utasahau nusu.

Mistari ya siku yangu moja ilikuwa hivi:

Saa 1 asubuhi, chai ya rangi kikombe kimoja, maandazi mawili. Nilikuwa na njaa.
Saa 4, chapati moja na chai ya maziwa. Sikuwa na njaa, wenzangu kazini walikuwa wanakunywa.
Saa 8 mchana, wali pawa mbili, maharage upawa mmoja, mchicha vijiko viwili.
Saa 11 jioni, karanga pakiti ndogo kituoni, daladala zilichelewa.
Saa 3 usiku, ugali ngumi mbili, dagaa, matembele. Nikamalizia ugali wa mtoto.

Vipimo ni vya nyumbani: upawa, kikombe, kijiko, ngumi. Jambo la muhimu ni upawa wa leo uwe ule ule wa kesho. Na lile neno la njaa usiliache. Kwangu mimi, neno hilo ndilo lililonionyesha kwamba chapati ya saa nne haikuwa na sababu nyingine ila kwamba ni saa nne.

Vinavyosahaulika ni vile vile kwa karibu kila mtu: kuonja wakati wa kupika, kumalizia sahani za watoto, soda ya msibani au ya kwenye shughuli, kipande cha muhogo ulichopewa na jirani, sukari ya chai ya pili. Mwaka 1992 watafiti wa New York walifuatilia watu waliolalamika kwamba hawapungui hata wakila kidogo, wakapima nguvu ambayo miili yao ilitumia kweli. Ikaonekana walikuwa wameandika karibu nusu tu ya walichokula. Nauamini utafiti ule kwa sababu najijua. Mtu hakusudii kudanganya. Mkono unakula, akili iko kwenye mambo mengine.

Kuna faida nyingine ya kuandika. Mwaka 2008 ulitolewa utafiti wa Marekani uliofuata watu karibu 1,700 waliokuwa wanajaribu kupungua; walioandika chakula chao kila siku walipungua takriban mara mbili ya wale ambao hawakuandika kabisa. Kalamu inakufanya usite kabla ya kutia mkono kwenye sahani, na kusita kwenyewe ni kazi kubwa.

Ukitaka kujua zaidi kuhusu chakula chenyewe, programu nyingi za simu za nje hazijui kisamvu wala dagaa. Yapo majedwali ya viinilishe vya vyakula vya Tanzania yaliyotolewa mwaka 2008 na Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe, na Chuo Kikuu cha Harvard. Humo utakuta vyakula vyetu kwa majina yake. Lakini si lazima kuanzia huko.

Hatua ya 3: Chagua jambo moja, tena dogo

Baada ya wiki una karatasi mbele yako na utatamani kubadili kila kitu kesho asubuhi. Usifanye hivyo. Chagua jambo moja linalojirudia kila siku na ambalo halihitaji fedha mpya. Kwetu lilikuwa chai, kwa sababu vile vijiko kumi vilikuwa vinatokea kwenye sufuria ya chai.

Jambo tulilofanya ni kuacha kuweka sukari kwenye sufuria. Chai ikipikwa na sukari, anayetaka vijiko vitatu na anayetaka kimoja wote wanakunywa vitatu. Tukaweka bakuli la sukari mezani na kijiko kidogo cha chai, kile kikubwa tukakiondoa. Kila mtu akawa anatia mwenyewe na kuona anachotia. Wiki mbili za kwanza kila mmoja alitia kiasi alichozoea. Wiki mbili zilizofuata, nusu kijiko pungufu. Baada ya hapo nusu nyingine. Tangawizi, mdalasini na mchaichai vilisaidia sana. Chai yenye harufu nzuri haidai sukari nyingi.

Mama mkwe alipokuja kututembelea alionja, akanitazama kwa huruma.

“Mwanangu, sukari imewaishia? Ungesema tu.”

“Hapana mama, ipo hapo mezani. Tia unayopenda.”

Alitia vijiko vitatu. Sikumwambia kitu. Siku ya nne alikuwa anatia viwili, na yeye ndiye aliyeuliza kwa nini tumeanza hivi. Mkubwa hasahihishwi mezani mbele ya watoto. Ukimwachia bakuli na kijiko, atajipimia.

Kuhusu muda, watu hupenda kusema tabia hujengeka kwa siku 21. Watafiti wa Chuo Kikuu cha London, UCL, waliochapisha matokeo yao mwaka 2009, walifuata watu 96 na kukuta kwamba katikati ni siku 66, wa haraka zaidi akichukua siku 18 na makadirio ya wa polepole yakifika 254. Walikuta pia kwamba kuruka siku moja hakuharibu kitu. Kwa hiyo ukienda harusini Jumamosi ukanywa soda tatu, Jumapili asubuhi chai yako ni ile ile ya kijiko kimoja. Hakuna kuanza upya, kwa kuwa hukuacha.

Njia nzuri ya kukumbuka ni kuifunga tabia mpya kwenye jambo ambalo tayari unalifanya. Maji glasi moja baada ya kupiga mswaki. Maharage yalowekwe mara tu baada ya kuosha vyombo vya usiku, ili kesho yaive haraka na usishawishike kununua chipsi. Ukisema tu “nitakuwa nakunywa maji zaidi”, hutakunywa.

Hatua ya 4: Mafuta kwa kijiko, mboga kwanza

Chai ilipozoeleka tukahamia kwenye mafuta. Jambo lilikuwa moja tu: hakuna kumimina kutoka kwenye dumu. Kijiko kikubwa kinakaa kando ya jiko, na mchuzi wa watu watano unaanza na vijiko vitatu. Kitunguu kikianza kushika chini, tia maji kidogo badala ya kuongeza mafuta. Kama anayepika ni dada wa kazi au binti, mweleze sababu na mpike naye siku mbili tatu. Amri bila maelezo hudumu mpaka utakapotoka mlangoni.

Kama mnapika kwa tui la nazi, tui nalo ni mafuta, liandikwe. Samaki wa nazi hahitaji kukaangwa kwanza. Na mboga ya majani iliyoungwa kwa karanga za kusaga haina haja ya mafuta ya chupa juu yake.

Kisha sahani. Ushauri wa kupunguza ugali pekee huwa haufiki mbali, kwa sababu mtu anabaki na njaa na saa nne usiku anatafuta mkate. Sisi tulibadili mpangilio wa kupakua: mboga za majani zinaingia kwanza na kujaza nusu ya sahani, halafu maharage au dagaa au samaki, ndipo ugali au wali unachukua nafasi iliyobaki. Kwenye sinia tunaweka bakuli kubwa la mchicha na kachumbari katikati, si pembeni. Vijiko viwili vya mchicha vya daftari langu vilikuwa aibu kwa nchi ambayo fungu la mchicha liko kila genge. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni gramu 400 za matunda na mboga kwa siku kwa mtu mzima.

Unga nao una nafasi yake. Sembe imekobolewa, pumba na kiini vimeondoka na nyuzinyuzi zake. Dona imebaki na vyote, inashibisha zaidi, lakini haikai muda mrefu bila kupata harufu, hivyo nunua kidogo kidogo na uchague mahindi makavu yasiyo na ukungu. Watoto wakiikataa, changanyeni nusu kwa nusu kwa mwezi mmoja.

Vinywaji vya chupa vinapimwa kwa kusoma kibandiko. Ukikuta imeandikwa gramu 10 kwa kila mililita 100, chupa ya mililita 500 ina gramu 50, yaani vijiko 12 na nusu. Waonyeshe watoto kwa kuvihesabu ndani ya glasi tupu. Wangu waliangalia glasi ile kimya, na tangu siku hiyo mmoja wao ndiye anayesoma vibandiko dukani.

Hatua ya 5: Miguu

Dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kukufanya upumue kwa nguvu lakini bado uweze kuzungumza. Shuka kituo kimoja kabla, utembee dakika 15 kwenda na 15 kurudi kwa siku tano za kazi, dakika zimetimia. Ikiwa barabara hiyo ni giza jioni, tembea asubuhi tu na utafute dakika zilizobaki wikendi. Usalama wako kwanza.

Hatua ya 6: Kupima mara moja kwa mwezi

Mizani usipande kila siku. Uzito huyumba kwa maji, chumvi ya jana na hedhi, na namba iliyopanda bila sababu inavunja moyo. Mara moja kwa mwezi, asubuhi, mizani ile ile ya duka la dawa, nguo nyepesi.

Pamoja na uzito, pima kiuno kwa tepu ya fundi cherehani, katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi. Hatari huanza kupanda kwa mwanamke akipita sentimita 80 na mwanamume akipita 94. Mara nyingi kiuno hupungua kabla mizani haijasema kitu.

Presha ipimwe umeketi na kupumzika dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, na usiwe umekunywa kahawa wala kuvuta sigara nusu saa iliyopita. Ikifika 140/90 au zaidi katika siku tofauti, hapo ni kituo cha afya, daftari likiwa mkononi. Mhudumu akiona umeandika, mazungumzo yanakuwa mengine kabisa.

Usijiwekee lengo kubwa la uzito. Katika utafiti mkubwa wa kuzuia kisukari Marekani, uliotolewa mwaka 2002 na kuhusisha watu 3,234 waliokuwa karibu kuugua, kundi lililolenga kupungua asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki lilipunguza wagonjwa wapya wa kisukari kwa asilimia 58. Asilimia 7 ya mtu wa kilo 80 ni kilo tano na nusu hivi. Hizo unaweza kuzipa miezi sita.

Hatua ya 7: Daftari la pili

Baada ya miezi mitatu, andika tena siku saba na uyaweke madaftari mawili pamoja. Kama miezi hiyo imeangukia Ramadhani, subiri mwezi uishe. Saa za kula zimegeuka na utakuwa unalinganisha vitu viwili tofauti. Vivyo hivyo wiki ya Krismasi.

Kwetu kilo ya sukari sasa inadumu siku tisa, vijiko vitano na nusu kwa mtu. Lita ya mafuta imefika siku tisa pia. Presha yangu imeshuka, bado natumia dawa. Daftari la pili lilitoa jambo ambalo la kwanza halikuonyesha, kwa sababu zamani lilifunikwa na mengine: mkate mweupe wa usiku, vipande viwili vitatu, karibu kila siku ambayo chakula cha jioni kilichelewa kupita saa tatu. Safari hii tunachobadili ni saa ya kuinjika ugali. Wiki hii tumeanza kuinjika saa moja na nusu.